Juu ya Mbuga ya Serengeti, Jua Likichomoza

Wahenga walisema: Aliye juu mngoje chini. Siku moja mimi nami nilikuwa juu, na walioningoja chini ni nyumbu, twiga, na shemeji yangu mwenye gari. Habari ninayotaka kuwasimulia leo ni hiyo: jinsi nilivyopanda puto la hewa ya moto juu ya mbuga ya Serengeti, katika nchi ya Tanzania. Lakini sikwenda kutafuta raha tu. Nilikuwa nimetumwa.

Aliyenituma ni mjomba wangu. Katika ujana wake alikuwa mlinzi wa wanyama katika uwanda wa Rwindi, kusini ya ziwa Edward, ndani ya hifadhi ya Virunga. Hifadhi hiyo iliwekwa mwaka 1925, nayo ni ya kwanza ya namna yake katika Afrika nzima. Tulipokuwa watoto, mjomba alitusimulia jioni jinsi viboko walivyojaa mtoni hata mgeni akadhani ni mawe, na jinsi nyati walivyoufanya uwanda kuwa mweusi. Sisi tulisikiliza kwa adabu, tukacheka kwa siri. Kizazi chetu kimelelewa katika vita. Kila tulipopita Rwindi kwa lori tuliona majani marefu na ukimya.

Kumbe mzee hakusema uongo. Katika miaka ya 1970 viboko wa Virunga walikaribia 30,000. Mwaka 2005 waliohesabiwa hawakufika 1,000. Bandu bandu huisha gogo. Mimi mwenyewe, nilipokuwa mwalimu, niliwafundisha wanafunzi habari hizo kama mtu asomaye hadithi ya kale: mdomo ulisema, lakini moyo haukusadiki.

Basi mwaka 2019, mwishoni mwa mwezi wa Mei, niliomba ruhusa ya siku kumi niende Mwanza kwa ubatizo wa mtoto wa dada yangu. Dada ameolewa huko, na mume wake ni dereva katika kazi ya maputo, pale Seronera, katikati ya Serengeti. Nilipokwenda kumuaga mjomba, alinishika mkono akasema: «Shemeji yako akikupeleka mbugani, usishangae simba. Simba mmoja anatosha kuwapumbaza wageni mia. Wewe angalia njia za nyama. Nchi yenye nyama utaijua kwa njia zake. Halafu uje uniambie.» Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu.

Baada ya ubatizo tuliondoka Mwanza, tukafuata barabara ya pwani ya ziwa Victoria mpaka Lamadi, tukaingia hifadhini kwa lango la Ndabaka. Hifadhi ya Serengeti ilitangazwa mwaka 1951, na eneo lake ni kilomita za mraba 14,763, karibu mara mbili ya Virunga yetu. Jina lake limetoka katika lugha ya Wamasai, na maana yake ni nchi iendeleayo bila mwisho. Tangu langoni mpaka Seronera tulisafiri saa nyingi, na kweli sikuuona mwisho.

Siku ya pili, usiku, shemeji alinijia akicheka. «Mwalimu, kesho kuna nafasi moja katika puto. Mgeni mmoja ameugua tumbo. Nimemwomba mkubwa wetu, amekubali upande wewe.»

Msomaji mpenzi, nafasi hiyo watalii huilipia zaidi ya dola 500. Mwalimu wa kwetu hupata fedha hizo kwa miezi mingi, akizipata. Ilinipasa kuruka kwa furaha. Lakini mimi nilianguka kutoka katika mwembe nilipokuwa na umri wa miaka tisa, nikavunjika mkono. Tangu siku ile sipandi hata ngazi ya kutengeneza paa la shule. Nikamjibu: «Shemeji, mimi ni mtu wa chini. Nitawatazama kutoka garini.»

Akanyamaza kidogo, kisha akasema: «Vema. Na mjomba utamwambia nini? Kwamba uliziangalia njia kutoka dirishani?»

Sikulala vizuri usiku ule.

Saa kumi ya alfajiri tuliondoka. Giza lilikuwa nene na baridi ilipenya koti. Taa za gari zilimulika macho ya fisi, na mara moja tulisimama kumpisha kiboko aliyekuwa akirudi mtoni kutoka malishoni, taratibu, kama mwenye shamba. Tulipofika kiwanjani tuliwakuta wafanyakazi wamekwisha kutandaza juu ya nyasi mfuko wa nguo wenye urefu wa kushangaza. Kando yake palilazwa kikapu kikubwa, kimesukwa kwa henzirani kama vikapu vya mama zetu, ila ndani yake waliweza kuingia watu kumi na sita pamoja na rubani.

Rubani, Mtanzania wa makamo, mwenye maneno machache, aliachilia kwanza kiputo kidogo chenye taa. Sote tulikitazama kikipanda gizani, kikaelekea upande mmoja, kisha kikageukia upande mwingine. «Ninauliza upepo,» alisema. Hapo mapanka makubwa yenye injini yakaanza kupuliza hewa baridi ndani ya mfuko mpaka ukavimba. Kisha rubani akafungua gesi. Ulimi wa moto ukatoka kwa kishindo, ukamulika uso wa kila mmoja wetu, na lile jitu la nguo likaanza kuinuka kutoka ardhini.

Wanafunzi wangu huuliza daima: Mwalimu, kwa nini? Basi sababu ni hii. Hewa ikipata moto hupanuka, na ikipanuka huwa nyepesi kuliko hewa baridi iliyo nje, kwa hiyo hupanda, kama moshi wa jikoni unavyopanda. Ukiifunga hewa hiyo katika mfuko mkubwa wa kutosha, itauinua mfuko, kikapu na watu. Ndiyo maana safari hufanywa alfajiri: hewa ya nje ingali baridi, na upepo umetulia. Jua likikwisha kuichoma ardhi, hewa huanza kupanda ovyo hapa na pale, na puto huweza kutupwa huku na huku.

Waliogundua jambo hilo ni ndugu wawili wa Ufaransa, Joseph na Etienne Montgolfier, watoto wa mtengenezaji wa karatasi wa mji wa Annonay. Mwaka 1783 walirusha puto lao mbele ya watu. Mwezi wa Septemba wa mwaka huo, kule Versailles, mbele ya mfalme, walipandisha kondoo, bata na jogoo, na wote watatu wakarudi wazima. Tarehe 21 Novemba watu wawili, Pilâtre de Rozier na mkabaila d'Arlandes, waliruka juu ya mji wa Paris, wakilisha moto wao kwa majani makavu. Lakini puto la siku hizi, lenye mitungi ya gesi na nguo ya nailoni, ni la juzi tu: Ed Yost aliliruka kwa mara ya kwanza huko Marekani mwaka 1960. Na mbuga hizi zilikwisha kuona puto mwaka 1962, pale Mwingereza Anthony Smith na wenzake walipoondoka Unguja na puto la haidrojeni, wakapita juu ya nchi hizi za wanyama.

Tulipanda kwa namna ya kuchekesha. Kikapu kilikuwa kimelazwa ubavu, nasi tukaingia tukilala chali, miguu juu, kama mende waliopinduliwa. Kushoto kwangu alilala bibi mzee kutoka Ulaya, amefumba macho. Nami nikayafumba. Moto ukanguruma mara tatu. Kikapu kikasimama. Nikangoja mshtuko, kama ule wa gari linapoondoka.

Haukuja. Nilipofumbua macho, shemeji alikuwa chini ananipungia mkono, naye alikuwa mdogo kama mtoto wa darasa la kwanza. Sikuhisi kwamba nimepanda. Nilihisi kwamba ardhi imeondoka polepole ikaniacha. Hapakuwa na upepo usoni, kwa kuwa tulikwenda pamoja na upepo wenyewe. Nilikuwa nimeshika kamba kwa mikono miwili mpaka vidole vikauma. Baadaye kidogo nikaachilia mkono mmoja.

Mara jua likatokea. Lilichungulia kwanza upande wa mashariki kama kaa la moto chini ya majivu, kisha likaruka juu lote, kama lifanyavyo katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta. Mbuga iliyokuwa ya kijivu ikawa ya dhahabu. Kivuli cha puto kikaonekana mbali upande wa pili, kikienda juu ya nyasi, na migunga ikavuta vivuli virefu kuliko yenyewe. Mto wa Seronera ulifuka mvuke. Chini yetu tembo wanane walivuka mmoja nyuma ya mwingine, watoto katikati, na kutoka juu tuliona migongo tu na masikio yakipepea. Twiga mmoja aliinua shingo akatutazama kwa makini, kana kwamba kwa mara ya kwanza ameona kitu kirefu kuliko yeye. Nyamera alisimama juu ya kichuguu kama askari wa zamu.

Ndipo nikakumbuka nilikotumwa, nikatazama njia.

Wasomaji, kutoka garini sikuwa nimeona hata moja, majani tu. Lakini kutoka juu, mwanga wa asubuhi ukija kwa ubavu, niliona nchi nzima imeandikwa. Njia ziliongozana kwa mamia, nyembamba, sambamba, kama mistari ya daftari. Zilikutana penye kivuko cha mto, zikafumana kama nyuzi za mkeka, zikaachana tena ng'ambo. Na juu ya mistari hiyo walikuwa wanakwenda nyumbu. Hiyo ndiyo majira wanapotoka mbuga za kusini, penye majani mafupi, walikozaa mnamo mwezi wa pili, na kuelekea magharibi na kaskazini kufuata mvua na maji. Walikuwa msururu usio na kichwa wala mkia, na punda milia kati yao. Sauti yao ilipanda hata kwetu, mlio kama wa vyura wengi mno. Nikajaribu kuhesabu kama afanyavyo mwalimu. Nilifika mia nne, nikaacha.

Nikamwuliza rubani: «Kapteni, siku zote walikuwa wengi hivi?»

Akasema: «Hapana, Mwalimu. Babu yangu aliwaona wachache.» Akanieleza jambo ambalo sikulijua. Mwisho wa karne ya 19 ugonjwa wa sotoka uliingia nchi hizi, ukaua ng'ombe wa watu, na nyumbu na nyati pia. Kwa miaka mingi uliendelea kuwaua ndama wa nyumbu kila msimu. Hapo ng'ombe wa wafugaji waliozunguka mbuga wakachanjwa, na ugonjwa ukakosa mahali pa kukaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa karibu 250,000. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walipita 1,300,000. Hakuna aliyewaleta kwa lori. Waliondolewa kilichowaua, wakaachiwa nafasi, nao wakazaa.

Maneno hayo yaliniingia. Sisi kwetu tumezoea kufikiri kwamba kilichokwisha kimekwisha. Nikatazama tena chini, nikaona kwamba wingi ule haukuwa wa asili tu. Mikono ya watu ilikuwa ndani yake.

Na si mikono yote iliyopata faida. Mwaka 1959 Wamasai waliokuwa wakichunga ng'ombe wao katika mbuga hizi waliondolewa, wakahamia upande wa Ngorongoro, ili Serengeti ibaki ya wanyama peke yao. Anayesifu mbuga bila kukumbuka jambo hilo anasifu nusu. Mwaka uo huo, tarehe 10 Januari, Mjerumani kijana Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama kutoka angani pamoja na baba yake Bernhard, aligongana na tai kwa ndege yake ndogo yenye milia kama punda, akafa. Amezikwa ukingoni mwa kasoko ya Ngorongoro, na baba yake, aliyefariki mwaka 1987, akalazwa karibu naye. Nami niliwafikiria walinzi wa kwetu: zaidi ya 200 wamepoteza maisha katika Virunga. Makaburi yao hayazuriwi na watalii.

Rubani alitushusha karibu na vilele vya migunga, kisha akatupandisha tena. «Sina usukani,» alisema. «Ninalo jambo moja tu: kupanda au kushuka. Upepo wa chini unakwenda huku, wa juu unakwenda kule. Ninachagua ulio mwema.» Mara moja kishindo cha moto kiliwashtua nyumbu wachache, wakakimbia mbio, ndama mmoja akabaki nyuma akilia. Rubani hakupendezwa. Akatuinua juu upesi, akanyamaza mpaka alipoona mama amerudi. Ndipo akacheka.

Baada ya saa moja hivi alituamuru tukae, migongo upande wa mbele, tushike kamba. Kikapu kiligusa ardhi, kikaruka, kikagusa tena, kikaburutwa hatua ishirini, kikalala ubavu. Tukajikuta tena chali, kama mwanzo. Bibi yule wa Ulaya alikuwa akicheka na kulia pamoja. Nami sikujua ninafanya lipi.

Shemeji alikuwa amefika na gari, kwani kazi yake ni kulifuata puto kokote upepo ulipelekako. Chini ya mgunga meza ilikuwa imeandaliwa, chai, mayai na mkate, na wageni wakamiminiwa mvinyo wa Ufaransa wenye povu. Ni desturi ya wapanda puto, nayo huhusishwa na hofu ya wakulima wa zamani. Mwaka 1783 puto tupu la haidrojeni, la mtaalamu Charles, lilianguka katika kijiji cha Gonesse, na wanakijiji, wakidhani ni jini, walilichoma kwa nyuma za kupakilia nyasi. Husemwa kwamba tangu hapo wapanda puto walichukua chupa ya kuwatuliza wenye mashamba. Nilimwambia shemeji kwamba kwetu chupa ingetosha, bila maelezo mengi.

Niliporudi nyumbani sikupumzika. Nilikwenda moja kwa moja kwa mjomba. Nilimkuta uani, anaota jua. Hakuniuliza habari za ubatizo, wala za barabara. Aliuliza neno moja: «Njia?»

Nikachukua kijiti, nikachora mchangani kivuko cha mto, na njia zikifumana kabla yake na kuachana ng'ambo. Hakuweza kuona vizuri, basi nikamshika kidole nikakipitisha juu ya mistari. Alikifuatisha mara mbili, polepole, akasema: «Ndivyo ilivyokuwa Rwindi, pale kivukoni. Ndivyo hasa.» Kisha, baada ya kimya: «Nyinyi mlidhani ninawatungia hadithi.»

Nilimwomba msamaha. Akanigonga begani kwa fimbo yake, si kwa nguvu.

Mwaka uliofuata, 2020, tulipata habari kwamba tembo zaidi ya 500 wametoka Uganda, katika hifadhi ya Queen Elizabeth, wakavuka mpaka na kuingia Virunga. Kundi kubwa namna hiyo halikuwa limeonekana huko kwa miaka mingi. Wakitembea walivunja vichaka vilivyokuwa vimemea wakati hapakuwa na wanyama, nyasi zikaanza kurudi, na nyuma yao nyati na swala. Nilimpelekea mjomba habari hiyo jioni ile ile. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema: «Nilikuambia. Njia ya nyama haifi, inalala.»

Wasomaji wapenzi, najua vita havijawaacha wanyama wala watu wa kwetu, na tembo 500 si nyumbu milioni. Walakini sasa ninapowafundisha watoto habari za Rwindi, nachora ubaoni njia zile, nami nasadiki ninachosema. Mtoto mmoja aliniuliza juzi: «Mwalimu, je, sisi tutaziona?» Nilimjibu kwamba hilo litategemea kwa sehemu kubwa yeye na wenzake, watakapokuwa watu wazima: watauza nini, watakula nini, watamficha nani na watamlinda nani.

Nanyi wazazi, mkiwa na mzee nyumbani asimuliaye mambo makubwa ya zamani, msimcheke kwa siri. Mwulizeni njia zilipita wapi, mkaandike.